Carmen Ikija Mjini Kwenu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili aliyeona tangazo la Carmen katika mji anaoishi, iwe Muscat, Birmingham, Minneapolis au Brussels, na anajiuliza kama aende. Jibu langu ni nenda. Sababu zinafuata.

Carmen ni nini?

Ni opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ya Kifaransa yenye sehemu nne. Muziki ni wa Georges Bizet, maneno ni ya Henri Meilhac na Ludovic Halévy, na kisa kimetokana na hadithi ya Prosper Mérimée iliyotoka mwaka 1845. Ilichezwa mara ya kwanza Paris, katika ukumbi wa Opéra-Comique, tarehe 3 Machi 1875.

Kisa chenyewe kinakwendaje? Sitaki kupotea katikati.

Tuko Sevilla, kusini mwa Hispania, miaka ya 1820 hivi. Mbele ya kiwanda cha tumbaku wamesimama askari wa zamu, na mmoja wao ni koplo Don José, kijana wa kaskazini ambaye mama yake bado yuko kijijini. Micaëla, msichana aliyelelewa na mama huyo, amekuja kumletea barua, fedha kidogo na busu la mzazi. Wanawake wa kiwandani wanatoka kupumzika. Wanaume wote wanamkodolea macho Carmen, isipokuwa José, na ndiye Carmen anayemtupia ua.

Muda si mrefu kunazuka ugomvi kiwandani. Carmen amemchana mwenzake kwa kisu, naye José anaagizwa ampeleke gerezani. Carmen, mikono ikiwa imefungwa, anamwimbia mpaka kamba zinalegea. Anatoroka, na anayefungwa ni José.

Sehemu ya pili ni usiku katika baa ya Lillas Pastia, maskani ya wafanya magendo. Hapa ndipo anapoingia Escamillo, mcheza ng'ombe mashuhuri, akiwa na wimbo ambao bila shaka umewahi kuusikia. José ametoka kifungoni, anamfuata Carmen, anagongana na luteni wake mwenyewe, wanachomoleana panga. Baada ya hapo hana jeshi la kurudi. Sehemu ya tatu inamkuta milimani na wafanya magendo, amechokwa. Carmen anapiga karata na kila akigeuza anaona kifo, chake kwanza na cha José baadaye. Micaëla anapanda mlima peke yake kumwambia José kwamba mama yake yu mahututi.

Sehemu ya mwisho ni fupi, na ndiyo kali kuliko zote. Nje ya uwanja wa ng'ombe, José anambembeleza Carmen arudi. Carmen anakataa, anamvulia pete na kumtupia. Ndani ya uwanja umati unamshangilia Escamillo, na katikati ya vifijo hivyo José anamchoma kisu.

Wapemba wana mchezo wao wa ng'ombe, unaohusishwa na Wareno, ambamo fahali hauawi. Sevilla fahali hufa uwanjani, na Bizet amepanga vifo viwili vitokee kwa wakati mmoja, kimoja ndani na kimoja nje. Sikiliza jinsi shangwe za kwaya kutoka nyuma ya jukwaa zinavyoingilia maneno ya hao wawili. Sijasikia opera yenye dakika kumi za mwisho zilizojengwa vizuri kuliko hizi.

Je, onyesho la kampuni inayozunguka si la daraja la pili?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na kwa Carmen linafaa kugeuzwa. Opera hii ilikataliwa nyumbani, ikaokolewa na safari.

Opéra-Comique ya mwaka 1875 ulikuwa ukumbi wa familia, mahali ambapo wazazi walikwenda na binti zao kukutana na upande wa mchumba. Mmoja wa wakurugenzi wake, Adolphe de Leuven, alishtuka aliposikia kwamba mhusika mkuu atakuwa mwanamke mvuta sigara, kwamba jukwaa litajaa wafanya magendo, na kwamba mwishoni kutakuwa na mauaji mbele ya watu. Upinzani wake ulikuwa miongoni mwa sababu za kujiuzulu kwake mwaka 1874. Wanakwaya nao walinung'unika. Walizoea kujipanga mstari na kuimba wakimtazama kiongozi wa okestra, lakini Bizet aliwataka waingie wachache wachache, wavute sigara, wasukumane, wapigane. Célestine Galli-Marié, mwimbaji wa kwanza wa Carmen, alisimama upande wa Bizet mpaka mwisho.

Usiku wa kwanza ukumbi ulichangamka mwanzoni, ukaendelea kupoa kila pazia lilipofunguliwa tena, na sehemu ya nne ikapokewa kwa ubaridi. Magazeti mengi yakalia uchafu wa maadili. Tarehe 3 Juni, miezi mitatu kamili baada ya onyesho la kwanza, Bizet alifariki Bougival, nje ya Paris, akiwa na miaka 36. Hakuiona ikishinda.

Oktoba ya mwaka huohuo Vienna iliicheza kwa Kijerumani na ikashangiliwa. Brussels ikafuata mwaka 1876. Mwaka 1878 ilifika St. Petersburg, London na New York, na katika miji hiyo miwili ya mwisho Carmen aliimbwa na Mmarekani Minnie Hauk. Kampuni ya Carl Rosa, iliyoundwa Uingereza mwaka 1873 kwa ajili ya kuzungusha opera kwa Kiingereza, iliiongeza kwenye orodha yake mwaka 1879. Opéra-Comique yenyewe iliirudisha jukwaani mwaka 1883, wakati miji mingine ilikuwa tayari inaijua kwa moyo. Kwa hiyo malori yakiegesha nyuma ya ukumbi wa mji wako, ujue Carmen iko katika kazi ileile iliyoiweka hai.

Ubora unatofautiana, hilo kweli. Zipo kampuni zinazosafiri na okestra kamili na waimbaji waliokomaa, na zipo zinazobana matumizi mpaka muziki unakonda. Soma tangazo vizuri. Kama halitaji okestra, piga simu ukumbini uulize kama waimbaji watasindikizwa na kinanda tu. Onyesho la kinanda linaweza kuwa zuri, ila ni haki yako kujua kabla hujatoa pesa.

Husafiri na nini hasa?

Bizet aliandika kwa okestra ya filimbi, oboi, klarineti na basuni mbili mbili, honi nne, tarumbeta mbili, tromboni tatu, kinubi, ngoma na vyombo vya kugongwa, pamoja na kundi zima la fidla, viola, cello na besi. Juu ya hapo kuna waimbaji wakuu kumi hivi, kwaya ya watu wazima na kwaya ya watoto. Kumbi nyingi za mikoani hazina shimo la kutosha mbele ya jukwaa kwa wapigaji wote hao, ndiyo maana kampuni nyingi hubeba muziki uliopangwa upya kwa vyombo vichache.

Mandhari ya jukwaa hutengenezwa yakunjike. Ukuta mmoja unaweza kuwa kiwanda, ukigeuzwa ni baa, ukilazwa ni mlima. Huo si uvivu wa mbunifu: mafundi hufungua kila kitu usiku huohuo wa onyesho, hupakia, na kesho yake hujenga upya mji mwingine. Waimbaji wakuu mara nyingi huwa wawili kwa kila nafasi na hupokezana, kwa sababu koo haliwezi kubeba José au Carmen kila usiku. Ukiwa na mwimbaji unayemtaka, hakikisha ni zamu yake.

Watoto nawatenga kwa sababu hapo kuna nafasi yenu. Katika sehemu ya kwanza kundi la watoto huingia likiwaiga askari wanaobadilisha zamu. Kusafiri na watoto ni gharama na shule haziruhusu, hivyo kampuni nyingi hutafuta kwaya ya watoto katika kila mji, nayo hufundishwa na mwalimu wake wiki kadhaa kabla ya wageni kufika. Kama mwanao anaimba katika kwaya ya shule au ya kanisa, uliza mapema. Wimbo ni wa Kifaransa na unakwenda mbio, lakini watoto huushika upesi kuliko wakubwa.

Safari ina hatari zake pia. Aprili 1906 kampuni ya Metropolitan Opera ya New York ilikuwa ziarani San Francisco. Usiku wa tarehe 17 walicheza Carmen, Olive Fremstad akiwa Carmen na Enrico Caruso akiwa Don José. Alfajiri ya tarehe 18 tetemeko kubwa liliupiga mji, na moto uliofuata ukateketeza mandhari na mavazi ya kampuni. Waimbaji walinusurika. Caruso hakurudi kuimba katika mji ule.

Inaimbwa kwa lugha gani? Nitaelewa?

Siku hizi kwa kawaida ni Kifaransa, na tafsiri huonyeshwa juu ya jukwaa au pembeni kwa lugha ya nchi. Katika Jumba la Opera la Kifalme la Muscat, lililofunguliwa mwaka 2011 na linalopokea kampuni za wageni kila msimu, kuna skrini ndogo nyuma ya viti. Wasomaji wetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma Kifaransa watapata raha ya ziada, ingawa hata Mfaransa hukosa maneno mengi sauti zikipanda juu.

Jambo moja la kuuliza ni toleo. Bizet aliandika Carmen ikiwa na maongezi ya kawaida kati ya nyimbo. Baada ya kifo chake rafiki yake Ernest Guiraud aliyageuza maongezi hayo kuwa ya kuimbwa kwa ajili ya Vienna, na kwa miaka mingi nje ya Paris lilijulikana zaidi toleo hilo. Leo yote mawili yanachezwa. Napenda la maongezi, kwa sababu humo José anasimulia kwamba alikimbia kwao baada ya ugomvi. Ukilisikia hilo mapema, unajua kwamba ghadhabu yake haikuanza na Carmen.

Nyimbo zipi nitazitambua?

Wa Escamillo, kwa hakika. Na Habanera, wimbo wa Carmen wa kuingilia.

Huu wa pili una historia inayotugusa. Bizet aliuchukua kutoka kwa wimbo wa Mhispania Sebastián Iradier akidhani ni wa asili usio na mwenyewe, na alipogundua aliandika shukrani katika kitabu cha nota. Mahadhi yake ni ya Havana. Ni mdundo uliozaliwa Cuba, pale ngoma za Waafrika waliopelekwa utumwani zilipokutana na dansi za Ulaya. Sahani za santuri za muziki wa Cuba zilipoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, wanamuziki wa Léopoldville (leo Kinshasa) na Brazzaville waliutambua mdundo wa jamaa zao, wakaujengea rumba. Rumba ikashuka hadi kwetu: Orchestra Maquis Dar es Salaam, Les Mangelepa na Super Mazembe Nairobi. UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021.

Basi Habanera ikianza, sikiliza cello. Zinarudia mdundo mmoja bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho, huku sauti ya Carmen ikiteleza juu yake nusu ngazi kwa nusu ngazi. Mguu wako utajua la kufanya. Miguu mingi katika ukumbi ule haitajua kwa nini yako imewahi.

Usipuuze nyimbo zisizo maarufu. Wa Micaëla milimani, anapojiambia kwamba haogopi huku kila nota ikionyesha anaogopa, ndio ninaousubiri mimi. Na wa José kuhusu ua alilolitunza gerezani mpaka likakauka ni mtego kwa watazamaji: unamhurumia, halafu sehemu mbili baadaye unaona huruma hiyo imekupeleka wapi.

Wanatumia vipaza sauti?

Ndani ya ukumbi, hapana. Mwimbaji anaijaza nafasi yote kwa pumzi yake, juu ya okestra nzima. Kwenye viwanja vya wazi huenda vikatumika.

Ni muda gani?

Karibu saa tatu pamoja na mapumziko. Matoleo yaliyofupishwa ni mengi. Maarufu zaidi ni la mwongozaji Peter Brook, aliyeipunguza Paris mwaka 1981 ikabaki dakika 80 hivi, bila kwaya, na okestra ndogo, akaizungusha hadi New York.

Mbona pichani wamevaa jinzi na kuna gari jukwaani?

Waongozaji wengi huhamisha kisa. Calixto Bieito alikileta Hispania ya karne ya 20, na onyesho lake la mwaka 1999 limetembea jumba hadi jumba kwa zaidi ya miaka ishirini. Welsh National Opera mwaka 2019 walikipeleka kwenye mitaa ya mabanda ya Brazili. Anayetaka ya zamani naye hajasahauliwa: mwaka 2023 mji wa Rouen ulijenga upya mandhari na mwendo wa jukwaa kwa kufuata kumbukumbu za mwaka 1875. Mimi sijali nguo. Najali kama naamini kwamba wanawake wale wanafanya kazi kiwandani kweli na wamechoka.

Je, Carmen inawadhalilisha Waroma?

Carmen ameandikwa kuwa Mroma, yaani mtu wa jamii ambayo wengi huiita Gypsy, si mwenyeji wa mji wa Roma, na waliomwandika walikuwa Wafaransa waliowatazama Waroma kwa mbali: uchawi wa karata, wizi, mapenzi ya upepo. Hayo yamo ndani ya maneno na huwezi kuyafuta. Maongozi mazuri humtendea Carmen kama mtu mwenye akili na kazi, hayamgeuzi pambo la hereni na shanga. Ukiona mabaya, sema. Waroma wanaishi katika miji hiyohiyo tunayoishi.

Niende na watoto?

Wa miaka kumi na miwili na kuendelea, ndiyo, na mzungumze kabla na baada. Mnakwenda kuona mwanamume akimuua mwanamke kwa sababu amemwambia hapana.

Kwa muda mrefu matangazo yameuza kisa hiki kama cha mapenzi makali. Sikubali. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na waliokuwa barabarani wangemtambua Don José mara moja: anayelia, anayeapa, anayesema bila wewe sina maisha, kisha anachomoa kisu. Florence, Italia, mwaka 2018 mwongozaji Leo Muscato alibadilisha mwisho, Carmen akampiga José risasi. Naelewa nia yake, lakini naona Bizet alikwisha kutoa hukumu. Carmen anasema amezaliwa huru na atakufa huru, na muziki wake hautetemeki. Mwishoni José anasema kwamba wanaweza kumkamata, yeye ndiye aliyemuua. Hakuna mstari hata mmoja unaomlaumu marehemu. Kijana wa kiume akikaa na hilo kwa dakika chache kabla taa hazijawaka, tiketi yake imelipa.

Nivae nini?

Muscat wanadai mavazi rasmi: suti, kanzu safi na kilemba au kofia, gauni refu. Ulaya na Marekani, nguo nadhifu yatosha, na gauni la kitenge linapendeza kokote.

Nipige makofi lini?

Aliyekulia kwenye taarab anajua kuinuka na kumtunza mwimbaji katikati ya wimbo. Hapa okestra haiwezi kusubiri, kwa hiyo zuia mkono mpaka wimbo ufike mwisho. Baada ya Habanera, wimbo wa Escamillo, wa ua na wa Micaëla, piga bila aibu, na "bravo" inaruhusiwa. Pazia la mwisho likifungwa, simama kama umeguswa.

Ninunue kiti gani?

Cha juu kabisa, katikati. Ni cha bei nafuu, sauti hupanda vizuri, na tafsiri unaisoma bila kuvunja shingo. Epuka viti vya nyuma vilivyofunikwa na ghorofa iliyo juu yake, sauti hufifia hapo, na vya pembeni sana ambavyo hukata robo ya jukwaa. Siku hiyohiyo ya onyesho kumbi nyingi huuza kwa bei ya chini viti vilivyobaki, hasa kwa wanafunzi.

Ikiwa hawafiki kwetu, nianzie wapi?

Anza na filamu ya Afrika Kusini *U-Carmen eKhayelitsha*, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005. Ni muziki wa Bizet ukiimbwa kwa isiXhosa, lugha ya Kibantu kama yetu, na Pauline Malefane ndiye Carmen, mfanyakazi wa kiwanda cha sigara katika kitongoji cha Cape Town. Utashika neno moja moja bila tafsiri.

Nikichelewa je?

Milango hufungwa muziki ukianza, na utangoja nje mpaka waruhusu. Utakuwa umekosa utangulizi, dakika chache tu, lakini ndimo Bizet anapokuwekea kila kitu: gwaride la uwanjani, wimbo wa Escamillo, kisha kimya, halafu ile sauti nzito ya hatima ya Carmen juu ya fidla zinazotetemeka, itakayorudi katika karata na mbele ya uwanja. Fika nusu saa kabla, pitia msalani, zima simu.